Kila mjukuu na siku yake

Jumamosi

Wameingia magharibi, adhana ndiyo kwanza inatoka. Treni ya asubuhi ya Nairobi iliwashusha Miritini, Mombasa, mchana, wakapanda matatu kilomita kama 120 mpaka hapa Malindi, na kila mmoja kashuka na hali yake. Salma kanuna kwa kuwa simu imezima. Idrisa ana njaa. Twalib kalala begani kwa baba yake, kiatu kimoja hakipo. Kiatu hicho mpaka leo hatujui kilibaki kwenye treni au kwenye matatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu, karibuni."

Idrisa akauliza kama kuna wifi kabla hajaketi. Hakuna. Kuna samaki wa kupaka, wali na embe, nikamwambia, na hivyo havitaki nywila.

Baada ya kula nikawasomea sheria. Desemba iliyopita niliwatoa wote pamoja kila siku, na kila siku kulikuwa na aliyelia. Mkubwa anataka picha, wa kati anataka kuogelea, mdogo anataka kurudi nyumbani. Pesa ya pensheni ikaisha, nikabaki na maumivu ya miguu. Mwaka huu natia akiba kwenye kopo la maziwa tangu Agosti, na nimeigawa: kila mjukuu ana siku yake. Mwenye siku ndiye anayesema twende wapi na tule nini. Wengine wanafuata, na kununa ni marufuku.

Nusu saa haijapita nikalazimika kuongeza sheria ya pili, kwamba siku haiuzwi. Idrisa alikuwa barazani anapatana bei na dada yake: siku yake kwa bando la mwezi mzima.

Kura tumepiga kwa vikaratasi ndani ya kofia ya marehemu babu yao. Twalib ana miaka 5, hajajua kusoma, basi chake nilikichorea samaki. Kikatoka cha kwanza.

Jumapili, siku ya Twalib

Nilishajiandaa kwa ufuo, kwa bembea, kwa lolote. Twalib kafikiri mpaka chai ikampoa, akasema, "Kaimati."

"Haya. Na twende wapi?"

"Hapa."

Wenzake wakanitumbulia macho. Sheria ni sheria. Baba yao akaaga arudi kazini, sisi tukaingia jikoni tukashinda humo.

Unga, hamira, iliki ya kutwanga mwenyewe, tui la nazi la vuguvugu. Kaimati haikandwi kama chapati, inapigwa: mkono unaingia chini ya unga, unaubeba na kuubwaga kwenye bakuli, pwa, pwa, mpaka uwe unavutika kama ulimbo na kutoa viputo. Salma alipiga dakika tano akasema mkono umekufa. Idrisa alipiga kwa hasira za siku yake kucheleweshwa, na hasira zile ziliufaa unga sana. Tukaufunika kitambaa, tukauacha uumuke.

Kudondosha ndiko kwenye ufundi. Unachota kwa mkono wa kushoto, unafumba ngumi, unga unachungulia juu kati ya kidole gumba na cha shahada, mviringo kama yai la njiwa. Kidole cha mkono wa kulia, kilichochovywa maji, kinaukata na kuusukumia mafutani. Moto uwe wa kiasi. Ukizidi, nje zinababuka na ndani ni uji. Za Salma zilitoka na mikia kama viluwiluwi. Twalib akazipenda hizo kuliko za mviringo, akaziweka sahani yake, akazipa majina. Moja ilikuwa Juma, nyingine Daktari.

Shira naipima kwa vidole. Sukari, maji kidogo, iliki, ndimu ya kukamulia ili isigande, ichemke taratibu. Nikigusanisha gumba na shahada kisha nikabandua, uzi ukivutika bila kukatika, imefika. Hapo kaimati zinamiminwa zote na sufuria inapepetwa juu ya moto mdogo mpaka shira izishike na kuzikaukia. Wako wanaoziacha zielee kwenye shira nyepesi. Sibishani nao, ila kwangu hizo haziingii mezani.

Alasiri nikawatuma na sahani kwa majirani. Watoto wa Nairobi hawaijui kanuni hii, wakadhani tunagawa tu. Saa moja haikupita, sahani zikaanza kurudi, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Moja ilirudi na kachiri za muhogo, ya pili na mabibo ambayo yaliharibu fulana mbili (doa la bibo usilifue, lizoee), ya tatu na maembe mabichi yaliyokatwa na kunyunyizwa chumvi na pilipili ya unga. Hiyo ya tatu ningeificha kama ningekuwa na akili.

Jumatatu

Tumbo. La Twalib, usiku kucha na asubuhi nzima. Maji ya chumvi na sukari, uji mwepesi, na mimi kuosha mashuka. Siku ya Idrisa imesogezwa na yeye amepokea habari hiyo kama mtu aliyedhulumiwa urithi.

Jumanne, siku ya Idrisa

Alitaka boti ya kioo, ile yenye dirisha chini ya miguu, uwatazame samaki kwenye matumbawe. Hifadhi ya bahari ya hapa Malindi ipo tangu 1968, mimi nikiwa bado msichana. Tukafika ufuoni saa 2, kofia vichwani. Nahodha akatutazama, akaitazama bahari, akanivuta pembeni.

"Mama, sitaki kula pesa yako bure. Leo ukiangalia chini utaona chai ya maziwa."

Ndivyo ilivyo msimu huu. Mvua za vuli zikinyesha huko bara, mto Sabaki unashuka na udongo mwekundu, na upepo wa kaskazi unausukuma mpaka ghuba yetu. Wageni wa hoteli wanauliza kwa nini picha za matangazo ni za buluu na maji ni ya kahawia. Mto, ndugu zangu. Nahodha mwingine angetupakia, tukazunguka saa nzima juu ya tope tukalipa. Yule nimemshukuru na nitamrudia.

Idrisa alikaza uso asilie. Akapiga mawe majini kama kumi hivi, kisha akasema, "Basi twende kule kwa mashetani."

Gedi hiyo. Binamu yake alimjaza maneno kwamba mji ule ulihamwa kwa sababu ya mashetani. Tukadandia matatu ya kwenda Mombasa, tukashuka njia panda, tuktuk ikatumalizia.

Nilidhani atachoka baada ya ukuta wa pili. Ana miaka 10, na magofu ni mawe. Lakini mwongozaji alikuwa mjanja, alianza na vyoo. Mji huu ulihamwa karne ya 17, akasema, na watu wake walikuwa na vyoo ndani ya nyumba na visima vya kuchimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Idrisa akaingia katika kila choo. Kisha kaburi lenye tarehe: limechongwa mwaka 802 Hijria, ambao ni 1399. Idrisa akatoa kwa vidole ajue ni miaka mingapi imepita, akapotea, akaanza upya.

Kilichomshika zaidi ni majina ya nyumba. James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapa 1948, alikuwa anaipa nyumba jina la kitu kilichookotwa ndani yake. Kuna Nyumba ya Mkasi. Kuna Nyumba ya Sanduku la Pembe. Kuna nyumba iliyopewa jina la pesa za Kichina zilizookotwa humo, maana biashara ya pwani hii ilifika mpaka huko. Mwanzoni mwa karne ya 15 Malindi ilimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga. Twalib akauliza twiga alikunja vipi shingo ndani ya jahazi. Mwongozaji akakubali kwamba hilo hajawahi kuulizwa.

"Na nyumba ya bibi wakiichimba wataiitaje?" Idrisa akasema.

"Nyumba ya Kiatu Kimoja," Salma akajibu bila kuinua macho kwenye simu. Tumecheka mpaka mwongozaji naye akataka kuelezwa.

UNESCO wameiingiza Gedi kwenye Urithi wa Dunia 2024, na nafurahi. Lakini kima wa Gedi hawajapata habari kwamba wanaishi mahali pa heshima. Tulikaa chini ya mti, nikafungua kopo la kaimati za Jumapili, nikageuka kumpa Salma maji, na kopo likawa halipo. Kima amekaa juu ya ukuta wa miaka mia sita, analishika kwa mkono mmoja, anachagua kwa mkono mwingine kama mtu dukani. Alizila za mkia kwanza.

"Amemla Juma!" Twalib akapiga ukelele. "Bibi, amemla Juma!"

Kumbe zile za majina alizificha tangu juzi azisafirishe. Hakunyamaza mpaka tulipofika kwenye banda la vipepeo pale pale langoni. Mradi wa Kipepeo ulianza 1993: wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi, wakishakuwa pupa, yaani wamejifungia kwenye ganda kabla ya kutoka vipepeo, wananunuliwa na kusafirishwa ng'ambo kwa maonyesho. Pupa wananing'inia kwenye vijiti kama hereni za dukani, wengine wa kijani wenye vidoa vya kung'aa. Maana yake ni kwamba msitu ukikatwa, mapato nayo yamekatika, na hilo mtoto wa miaka 10 alilielewa upesi kuliko watu wazima wengi. Akaniuliza kama anaweza kufuga Nairobi, ghorofa ya nne. Nikamwambia amuulize mama yake.

Marafa, kwenye yale makorongo mekundu, hatukwenda. Ni mbali, na jua la pale halina huruma. Wakija Aprili tutaona.

Jumatano, njiani

Siku ya Salma, na Salma ametaka Lamu. Nilimwonya kwamba hiyo si siku moja, ni siku nne za kwenda, kukaa na kurudi. Akajibu kwamba sheria haikusema siku ina saa ngapi. Ana miaka 13, atakuwa wakili.

Ukweli sikupinga sana. Mimi ni Mwamu, mtu wa Lamu, nimezaliwa mtaa wa Langoni, niliolewa Malindi miaka 43 iliyopita, na dada yangu mkubwa bado yumo kwenye nyumba ya wazazi.

Basi lilikuwa lifike saa 3, likafika saa 5 kasorobo. Limetoka Mombasa limejaa, tiketi zetu nne zikawa na watu tayari, kondakta akapanga na kupangua, nami nikamlipua mbele ya abiria wote mpaka viti vikapatikana. Salma alijifanya hanijui. Baada ya hapo njia ni ndefu lakini siku hizi ni lami: Garsen, daraja la mto Tana, Witu, Hindi. Kwenye vizuizi watu wazima tunashuka na vitambulisho mkononi, tunapita kwa miguu, tunapanda tena. Twalib alidhani ni mchezo, akawa anapanga foleni na kumwonyesha askari karata ya mchezo aliyotoka nayo nyumbani. Askari mmoja aliikagua mbele na nyuma, akamrudishia, akasema, "Pita mzee."

Mokowe tumefika jua limeshakaa upande. Boti, majaketi ya kuokolea, upepo. Nilikuwa nimechoka, magoti yanauma, lakini mji ulipotokeza, zile nyumba nyeupe zimejipanga ukingoni na majahazi mbele yake, nikajikuta nimesimama ndani ya boti na nahodha ananikalisha.

Dada yangu alikuwa amesimama dakani, pale mlangoni, anatungojea. Akainama, akamnyoshea Twalib mikono.

"Ndoo mwanangu, ndoo!"

Twalib akasita. Akachungulia ndani mpaka kiwandani, yaani uani, akaona ndoo kando ya birika, akaikimbilia, akaja nayo ameikumbatia kwa mikono miwili na maji yake nusu, akampa.

Dada yangu alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Kwa Kiamu njoo ni ndoo, njaa ni ndaa, maji ni mai. Ikabidi niwaeleze watoto, na wakati naeleza nikatambua kwamba mimi mwenyewe miaka hii yote huwaita kwa "njoo". Kiamu changu kimeliwa na Malindi polepole, kama chumvi inavyokula chokaa.

Alhamisi, siku yenyewe ya Salma

Nilitarajia picha: milango ya kuchonga, jahazi, jua likitua. Zilipigwa, hazikukosekana. Lakini alichokuwa akikitaka, alisema kwa sauti ndogo asubuhi, ni kupakwa hina mikono na miguu, na bibi mkubwa awe amekaa hapo hapo anampigia hadithi.

Nikaafiki kwa sharti moja. Hina, si piko. Ile piko nyeusi inayotengenezwa kwa rangi ya nywele nimeona ilivyobabua mikono ya bibi harusi, na ngozi ya mtoto siichezei. Mpakaji akaja na hina yake ameichanganya na ndimu na mafuta ya mkarafuu, nyumba nzima ikanukia Idi. Akaanza kwenye kifundo cha mkono, jani, kikonyo, jani, mpaka ncha za vidole. Muda wa saa tatu. Salma hawezi kugusa kitu. Simu inalia juu ya mto, hawezi kuipokea. Pua inawasha, anamwita Idrisa. Idrisa akagundua kwamba ndiye mwenye nguvu nyumba ile, akawa anamlisha halua na labania kipande kimoja kimoja, kila kipande na masharti yake. Siku ya Salma ikaishia kununuliwa baada ya yote, kwa njia ya labania, na mimi sikuwa na kifungu cha sheria cha kuzuia hilo.

Dada yangu wakati huo anasimulia jinsi mimi nilivyotumbukia baharini kwenye gati nikiwa na nguo mpya ya Idi. Hadithi hiyo sikuwa nimewapa ruhusa waijue.

Ilipokauka tukatoka. Ngome imejengwa 1813 hadi 1821, na mpaka 1984 ilikuwa jela. Sisi watoto tulikuwa tukipita mbio uwanjani pale. Leo ni makumbusho, watu wanaingia na watoto kwenye vigari. Nje, chini ya mikungu iliyoupa uwanja jina la Mkunguni, Idrisa akafundishwa na watoto wa mtaa kupasua kungu kwa jiwe ale kiini. Amejigonga kidole mara mbili, amekula viini vinne.

Punda ndio waliomteka Twalib. Mji hauna nafasi ya magari, Usita wa Mui wenyewe, njia kuu ya mji, watu wawili wanene wakikutana mmoja anaingia dukani, kwa hiyo saruji, mchanga, soda, vyote viko mgongoni kwa punda. Tulipita kwenye zahanati ya punda iliyopo tangu 1987, tukakuta mmoja anaoshwa kidonda cha bega. Twalib alimshika sikio kwa dakika kumi, akimnong'oneza. Alimwambia nini hatukuambiwa.

Usiku mishikaki na mkate wa mofa, sharubati ya ukwaju. Kopo langu la akiba limebaki na sauti ya sarafu tu.

Ijumaa

Baada ya sala tulichukua boti mpaka Shela, watoto wakabingirika kwenye vilima vya mchanga na Idrisa akapata maji yake masafi mwishowe, akaogelea mpaka vidole vikakunjamana. Mimi nilikaa kivulini na miguu yangu.

Jumamosi

Njia ni ile ile, na basi lilichelewa kwa muda ule ule. Askari wa kizuizi alikuwa mwingine, hakutaka kuona karata.

Jumapili

Baba yao aliingia jana usiku kuwachukua, wanarudi moja kwa moja kwa basi la Nairobi. Nimewafungia kopo: kaimati, visheti, kachiri, na achari ya embe kwenye chupa niliyoifunga mifuko mitatu. Salma ana mikono ya rangi ya tofali, kasema hataosha vyombo mpaka shule ifunguliwe. Idrisa kachukua jiwe na kungu sita. Twalib kavaa ndara mpya za Lamu, zote mbili.

Stendi kelele, mizigo, watu. Wamepanda, wakakaa upande wa dirisha. Dereva kawasha injini. Nimesimama chini na leso yangu, najifanya napanga mambo, nawaambia wasile achari yote siku moja.

Twalib katoa kichwa na mkono mmoja dirishani.

"Bibi, ndoo!"

Nikashindwa kumjibu. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, anachezesha vidole kama dada yangu alivyofanya dakani. "Bibi, ndoo!"

Kondakta alikuwa ameshaushika mlango. Akaniangalia, akaangalia chini ya basi, akaniuliza ni ndoo gani hiyo iliyosahauliwa.